Nafasi Niliyoipata Kilioni

Jumanne, 27 Mei 2025. Arua

Hapana tena. Leo ilikuwa kampuni ya kule karibu na uwanja wa ndege. Karani hakuinua hata uso. Eti orodha ya wanafunzi wa mafunzo ya kazi imejaa tangu Februari. Februari! Februari mimi nilikuwa nafanya mtihani wa haidroliki na malaria juu yake.

Nimezunguka mji huu mpaka soli ya kiatu imefungua mdomo. Kila mlango una jibu lake. Mmoja wanataka mtu wa kompyuta. Mwingine wanataka mwanaume — kazi ya visima ni ya kunyanyua mabomba, dada, utaumia. Mwingine walinipa soda, wakasifu alama zangu, wakaninyima. Hao ndio wabaya zaidi, maana nilitoka nikitabasamu mpaka barabarani.

Théodore amepata. Théodore, ambaye darasani anaangalia karatasi yangu kuliko yake! Amepata kwa mjomba wake anayechimba visima. Nimempa hongera ya midomoni tu.

Mama ameuza vitenge vizuri leo, amerudi sokoni anaimba. Sikutaka kumharibia. Alipouliza nikasema bado kidogo. Hiyo "bado kidogo" sasa imezeeka.

Alhamisi, 29 Mei

Dkt. Anguzu, anayesimamia mafunzo yetu ya kazi chuoni, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la darasa. Sauti kavu kama muhogo wa kusaga. Asiyeleta barua ya kukubaliwa na kampuni mpaka Ijumaa tarehe sita Juni, mwaka wa tatu atarudia. Na tena — hakuna mwanafunzi kusimamiwa na ndugu yake. Wala mkwe. Amesema wala mkwe mara mbili, kama mtu aliyewahi kudanganywa.

Basi Théodore kakataliwa! Mjomba amekuwa mkosi. Nilicheka. Kisha nikamwona jioni amekaa mlangoni kwao, kichwa mikononi, nikaona haya. Tukala karanga pamoja.

Kurudia mwaka. Hata kuandika sipendi. Mama hana mwaka mwingine wa kunisomesha. Hajasema, lakini cherehani imeshatoka sebuleni, na pale ilipokuwa amepaweka ua la plastiki ili nisiulize.

Théodore, maskini, ndiye aliyenipa jina. Kule mji wa Koboko yuko injinia mwanamke, Stella Kiden, ana kampuni ndogo ya kutengeneza pampu za mkono za vijijini. Hajibu ujumbe haraka, lakini hakatai watu. Kwa nini usiende mwenyewe, nikamwuliza. Akasema Koboko hajui mtu. Kana kwamba mimi ninajua!

Jumatatu, 2 Juni

Nimekwenda Koboko. Nimerudi.

Ofisi ipo, ni chumba kimoja na ua uliojaa mabomba ya chuma. Kufuli mlangoni. Nikakaa kwenye kibaraza na barua yangu ndani ya bahasha mpya, miguu pamoja, kama bibi harusi aliyeachwa kanisani. Mama mmoja muuza chai, Hawah, alinitazama mpaka akachoka. Mwisho akaniambia nisisubiri. Stella amefiwa na baba. Mzee Pitia, askari wa zamani, mtu wa Midia. Wote wako huko kilioni, mazishi ni Jumatano.

Nilikunywa chai ya Hawah. Nikawaza — na hili naliandika ili nilione vizuri — kwa nini huyu mzee asingesubiri wiki moja? Halafu nikajiuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Nyumbani nikamwambia Mama yote. Tarehe sita, kurudia mwaka, kufuli, kilio. Nilidhani atalia. Aliendelea kukunja vitenge. Nikamwuliza: niende Midia na barua, nimkabidhi hukohuko? Hapo akaacha kukunja.

"Ku kilio hatuendake na barua, Kahindo. Uende na mikono."

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi. Kanisa limejaa mpaka nje. Nimeomba kwa maneno machache, nisimchoshe Mungu, siku yenyewe ana watu wengi.

Kesho nakwenda. Barua inabaki juu ya kabati. Nikitoa pole, nimetoa pole. Basi. Lakini roho iko juu juu.

Jumatano, 4 Juni. Midia

Naandika nimekaa juu ya gunia la mihogo. Vidole vinauma. Inaonekana silali nyumbani leo.

Boda alinishusha mbali kidogo na boma, maana njia imejaa watu. Wanaume wako upande wa turubai, wanawake kwenye mikeka. Injinia nilionyeshwa: mwanamke mnene, kitambaa kichwani, sauti imekwisha kwa kulia. Nilipiga magoti nikampa pole. Akanishika mkono bila kuniangalia. Ndiyo hiyo tu. Safari yote ile, na imeisha kabla sijanyoosha mgongo.

Sasa nikae wapi? Kwetu, kwa Wakongomani wa Arua, msichana akifika kilioni akakaa mkekani wakati sufuria ziko motoni, atasemwa mpaka Krismasi. Kwa hiyo miguu yangu ilijua njia. Nikazunguka nyuma, nikakuta jikoni la wazi, rundo la mihogo, kisu kimekaa bila mtu. Nikavua viatu, nikachukua kisu, nikaanza.

Wanawake wakanyamaza. Wote! Nikadhani namenya vibaya. Mmoja, Concy, mke wa mtoto mkubwa wa marehemu, akaniuliza natoka wapi. Arua, nikasema. Lakini watu wenu iko wa wapi? Congo. "Ah," akasema Concy, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la hesabu. Akawaambia wenzake kitu kwa Kikakwa, lugha yao. Wakacheka polepole, vile watu wanavyocheka kilioni. Kisha nikaletewa kigoda.

Kigoda! Wengine walikuwa wamekaa chini.

Tukamzika mzee mchana. Askari wenzake wazee walisimama wima mbele ya kaburi kwa makoti yaliyopauka, mmoja akatoa amri kwa Kiswahili cha kambini, na wote wakapiga saluti. Nimelia, na sikumjua. Sasa mvua imeanza, boda hakuna, Concy amesema nilale. Nimetandikiwa ndani ya nyumba kubwa, karibu na Mama Margarita, mjane mwenyewe. Nimepewa na mtoto wa mtu nimbebe. Watu hawa ni wakarimu kupita kiasi.

Alhamisi, 5 Juni

Siyo ukarimu. Ee Mungu wangu, siyo ukarimu!

Leo walikuja wakwe, watu wa upande wa mume wa binti mwingine, kundi zima na mbuzi wao na ngoma. Wake wa boma wakapanga mstari kuwanawisha mikono. Concy mbele, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata — na mimi nikashikwa bega nikawekwa mwisho, na birika mkononi. Nikadhani ni kwa sababu nina nguvu. Nikapiga magoti, nikamwaga maji. Mzee mmoja wa wageni akauliza huyu ni nani, mbona hamjui.

"Bibi ya Soka," Concy akamwambia. "Ametoka Congo. Amekuja yeye peke yake, Soka hapana pata ruhusa."

Mke wa Soka! Nilimwagia mzee maji mpaka kwenye kiatu.

Baadaye nimeunganisha yote. Kwa ukoo huu, wanaopika kilioni ni wake wa boma. Mgeni anakaa mkekani, anahudumiwa. Anayechukua kisu jikoni bila kuambiwa amejitaja mwenyewe! Na Soka ndiye mtoto wa mwisho, anafanya kazi Yei, ng'ambo ya mpaka, haonekani nyumbani, na kulikuwa na uvumi kwamba ana msichana wa Kikongomani. Halafu natokea mimi, kutoka Congo, namenya mihogo yao kama niliyezaliwa nayo. Hata mimi ningeamini.

Kwetu ningekuwa msichana mwenye adabu. Huku nimejioza.

Lililonimaliza ni Mama Margarita. Aliniita ndani. Ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyomwona jana. Akasema mzee alikuwa anauliza kila wiki, Soka ataoa lini. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema mzee amekosa kuniona kwa siku chache tu. Nikafungua mdomo kusema mama, mimi siye. Nikaufunga tena. Nani angesema, mbele ya macho yale?

Na Injinia Stella alisimama mlangoni, anatutazama. Kesho ni tarehe sita. Nimekuja kutafuta kazi nimepata mume, na akijua nimemdanganya mama yake kwenye kilio cha baba yake, Koboko nzima itanisikia kwa redio.

Ijumaa, 6 Juni

Naandika upesi kabla furaha haijapoa.

Asubuhi nilimkuta Stella nyuma ya jikoni anasugua sufuria kwa majivu. Nikaamua. Afadhali kurudia mwaka kuliko kuendelea kuwa mke wa mtu nisiyemjua. Nikachuchumaa upande wa pili wa sufuria, nikamwambia nina jambo. Akaendelea kusugua.

"Mimi nimepiga simu kwa Soka jana," akasema. "Nimemwambia bibi yako iko hapa anafanya kazi vizuri. Akasema, mimi hapana bibi. Halafu akauliza, lakini iko mzuri?"

Sikujua nicheke au nikimbie. Akaniangalia sasa, mara ya kwanza tangu nifike, akasema haya, sema, wewe iko nani. Nikasema yote. Jina langu, chuo, haidroliki, kufuli, chai ya Hawah, Mama na mikono yake, kisu, kigoda. Nilipofika kwenye kiatu cha yule mzee alianza kutetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu, machozi yanamtoka, na wanawake wengine wakageuka kumtazama, maana tangu msiba uanze hakuna aliyemsikia akicheka.

Kisha akajifuta. Akauliza, siku zote hizi, mbona sikumwambia ninatafuta nafasi?

"Ulikuwa unalia," nikasema.

Akasema simu yake imejaa wanafunzi. Wanamwandikia jina lake vibaya, wanamwita bwana. Jana, mwili wa baba yake bado haujapoa kaburini, mmoja ameuliza kama kuna posho. Akasema nafasi nimepata, na haina uhusiano na Soka, na kama nitazimia siku ya kwanza ya kunyanyua mabomba atanirudisha Arua kwa boda ya kwanza.

Nimepata! Nimepata nimepata nimepata.

Mwenyewe hawezi kutoka bomani bado. Akampigia simu Sunday, fundi wake, akachukue ufunguo kwa Hawah, alete karatasi ya kampuni na mhuri. Sunday alifika na mhuri mfukoni umepaka suruali yote wino. Stella akaandika barua juu ya goti, pale kwenye mikeka, akapiga mhuri. Nikapiga picha, nikamtumia Dkt. Anguzu. Nikasubiri. Nikatembea mpaka kaburini na kurudi. Akajibu: dole gumba. Wiki zote zile za roho kunitoka, na mtu anajibu dole gumba!

Nilimpigia Mama. Nikasikia kelele za soko, halafu akaanza kuimba hukohuko. Nimehisi mzigo umetua kutoka mabegani, kabisa, mpaka nikataka kulala.

Jambo moja limebaki. Nilitaka kwenda kwa Mama Margarita nimwambie ukweli. Stella akanizuia. Akasema hiki ndicho kitu kizuri pekee alichopata mama wiki hii, tumwache nacho. Atamwambia mwenyewe, baadaye, polepole. Nimekubali haraka mno. Concy amenifungia mihogo ya kupeleka kwetu, ameniita shemeji.

Jumanne, 10 Juni. Koboko

Jana ilikuwa Siku ya Mashujaa, kwa hiyo nimeanza leo. Mimi ni intani! Nimepanga chumba kidogo nyuma kwa Hawah. Kina dirisha moja na jogoo mmoja.

Sijazimia. Nilikaribia. Kazi ni hivi: pampu ikifa, unafungua kichwa chake, unavuta mabomba kutoka ardhini, moja baada ya jingine, yote yameungana, mazito kama dhambi. Kuna koleo kubwa la kuyabana pale mdomoni mwa kisima wakati mnafungua la juu. Anayeshika koleo haachii. Akiachia, mabomba yote yanarudi chini na hayapandi tena, na kijiji kimepoteza kisima. Sunday alinieleza hayo taratibu, kisha akanipa koleo nilishike. Sikupumua mpaka mwisho. Mikono imevimba. Nina furaha ya kijinga.

Jumamosi, 21 Juni

Stella alinipeleka Midia kumwona mama. Nimemenya mihogo tena — safari hii nikijua ninachofanya!

Mama Margarita anakula vizuri sasa. Aliniuliza habari za chuo, nikamsimulia Théodore na mjomba wake, na Dkt. Anguzu na sauti yake: hakuna ndugu, wala mkwe. Wala mkwe! Nilimwigiza mpaka Mama Margarita akashika mbavu. Kisha nikakumbuka ninamwambia nani, nikanyamaza ghafla. Yeye aliendelea kuchambua maharagwe. Ameniita bibi yetu mara nyingi kama kawaida.

Njiani nikamwuliza Stella atamwambia lini. Wiki ijayo, akasema. Wiki iliyopita pia alisema wiki ijayo.

Na mimi? Nikisema kweli yangu, sina haraka tena. Kwetu baba hakuna, bibi zangu, mama wa wazazi wangu, wako Butembo, Congo, nawajua kwa simu. Huku naingia bomani mtu anainuka. Ni wizi, najua. Lakini ni mtamu.

(Théodore naye aliwahi kabla ya tarehe sita: yuko mji mdogo wa Inde, kwa mtu asiye na damu moja naye hata tone. Ameandika hilo kwa herufi kubwa.)

Jumatano, 9 Julai. Midia

Naandika juu ya sanduku la spana, wengine wanakula.

Kisima cha karibu na boma la kina Stella kiliacha kutoa maji jana, kwa hiyo leo zamu yetu ikawa nyumbani kwake mwenyewe. Mama Margarita alijiletea kiti akakaa karibu, atazame mkwe wake anavyofanya kazi. Mabomba nusu yalikuwa juu, nusu chini. Mimi nimeshika koleo. Sunday anafungua la juu. Stella amekwenda kwenye gari kuchukua vifaa. Na hapo hapo likaingia gari jeupe, akashuka Dkt. Anguzu. Bila taarifa! Hawah ndiye aliyemwelekeza huku. Suruali imepigwa pasi, faili kwapani.

Hakunitambua. Nina ovaroli na matope mpaka kwenye nyusi. Akaenda moja kwa moja kwa mwenye kiti, akasalimu kwa heshima, akasema anamtafuta mwanafunzi, Kahindo.

"Mwanafunzi hapana hapa," Mama Margarita akasema. "Iko bibi yetu tu, ile pale nashika bomba. Bibi ya Soka, mtoto yangu."

Nilisikia kila neno. Nikataka kupiga kelele, nikataka kukimbia. Koleo! Nikiachia koleo kisima kimekufa. Sunday naye ananiangalia, macho yamemtoka, spana hewani. Nikabaki pale kama nguzo ya simu, nikisikia mwaka wangu wa tatu unazama.

Dkt. Anguzu akauliza taratibu, kwa hiyo huyu ni mkwe wako? Ndiyo. Na mwenye kampuni, Stella Kiden? Mtoto yangu wa kumzaa. Ile sauti kavu ikasema naam. Akafungua faili, akatoa kalamu.

Mama Margarita akaitazama kalamu. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Sijui aliona nini. Akakaa vizuri kwenye kiti.

"Mwalimu, ngoja," akasema. "Mimi nimezika bwana yangu juzi, kichwa yangu iko changanya watu. Huyu iko mwanafunzi. Iko na mama yake kule Arua. Soka hapana oa. Mimi mzee, kila msichana wa kazi naita bibi yetu."

Daktari hakumwamini mtu mmoja, afanye hivyo kwa nini? Akamsubiri Stella, akamwuliza. Akamwuliza Sunday. Mwisho akaja mpaka kisimani, akainama kunitazama usoni, akaniuliza kama nina undugu wowote na watu wa boma hili.

Nikasema hapana. Ni kweli tupu. Mama Margarita alikuwa anasikia, na neno lenyewe lilitoka kwa shida kuliko bomba lolote.

Basi akauliza mambo ya kazi. Kwa nini pampu hii ilikuwa inapigwa muda mrefu asubuhi kabla ya kutoa maji? Nikamwambia: vali ya chini imelika, usiku maji yanavuja na kurudi kisimani, asubuhi unaanza kuyavuta upya. Akaandika. Akauliza mengine. Nikajibu yote, koleo mkononi. Tulipomaliza kubadilisha vali na kurudisha mabomba, Sunday akapiga mkono wa pampu, na maji yakaja, meusi kidogo, kisha meupe. Watoto wakaleta madumu. Dkt. Anguzu akanawa mikono hapo, akasema kwa sauti ileile kavu, vizuri, Kahindo. Vizuri! Kutoka kwake! Nimepita. Naijua sura ya mtu aliyekwisha kunipitisha. Nimecheka peke yangu nyuma ya gari kama mwendawazimu.

Sasa anakula ugali wa mihogo kwa Mama Margarita, na anaongeza mchuzi. Nimemwuliza Stella kwa kunong'ona: ulimwambia? Akatikisa kichwa, hajamwambia neno. Basi alijua? Soka alimpigia? Au hakujua chochote, akaona kalamu tu, akakumbuka hadithi yangu ya wala mkwe, akamkana mke wa mwanawe mbele ya mgeni ili nisirudie mwaka? Sithubutu kumwuliza. Amepita hapa mara mbili na sahani na hajaniita kitu. Si bibi yetu, si mwanafunzi. Nina kila kitu nilichokitafuta tangu Mei, na nakaa hapa nikisubiri mwanamke mmoja aniite.

Boda imeingia bomani. Kijana, begi kubwa mgongoni, vumbi la njia ya mpakani mpaka kwenye kope. Concy ametoka jikoni mbio. Stella amesimama na sahani mkononi, amesema "Soka" kwa sauti ndogo, kama anayehesabu hasara. Dkt. Anguzu ameinua kichwa kutoka kwenye mchuzi.

Mama Margarita amesimama pia. Miezi hajamwona mtoto wake, hata kuzika hakuja. Lakini hamwangalii Soka. Ananiangalia mimi kwanza, mkono umenyooka kuelekea huku, na anafungua mdomo: "Kahindo, kuja. Kuja, mtoto yangu."